Leo siimbi: kisa cha Montserrat Caballé na somo kwa waimbaji wetu

Usiku wa tarehe 26 Mei 1999 tulikuwa tumejaa kwenye baraza moja ya Kuze, Mombasa, mbele ya televisheni iliyotolewa nje kwa waya mrefu wa stima. Ilikuwa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Manchester United na Bayern Munich, uwanja wa Camp Nou mjini Barcelona. Kabla ya mpira kuanza alitokea mama mmoja mnene, mtu mzima, akaanza kuimba. Sauti yake ilipanda, ikapanda tena, mpaka vijana wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama mama wa watu amekanyagwa mguu. Ndani ya wimbo uo huo ikasikika sauti ya mwanamume, lakini mwanamume mwenyewe hatukumwona.

Ami mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake cha kahawa. Akatunyamazisha.

"Chekeni tu, wanangu. Hiyo sauti ya kiume ni ya mtoto wa Mji Mkongwe, na keshakufa. Na huyo mama mnayemcheka, dunia nzima yamvulia kofia."

Mpira wa siku ile waukumbuka kila mtu, mabao mawili ya Manchester katika dakika za nyongeza. Mimi nilichoondoka nacho ni lile jina ambalo Ami alinitajia baadaye: Montserrat Caballé. Nimeifuatilia habari yake kwa miaka mingi, na leo nataka nimweleze msomaji, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tunaoalika waimbaji kwenye harusi zetu. Nitalifikia mwisho.

Soprano ni nini?

Tuanze na istilahi. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, mara nyingi tangu mwanzo hadi mwisho. Waigizaji huwa jukwaani, na mbele yao, chini kidogo, huketi wapiga ala ambao wanaweza kufika sabini au zaidi. Sauti za waimbaji zimegawanywa kwa kimo. Soprano ndiyo sauti ya juu kabisa ya kike, na mara nyingi ndiye anayepewa nafasi ya bibi wa hadithi: mpenzi, malkia, mke aliyesalitiwa.

Lililo kubwa kwa mtu wa kwetu kulifahamu ni hili: kwa desturi, opera huimbwa bila maikrofoni. Ukumbi wa Liceu wa Barcelona, uliofunguliwa mwaka wa 1847, una viti zaidi ya 2,000. Mwimbaji husimama pale na koo lake tu, zinangurume fidla na tarumbeta, na mtu wa kiti cha nyuma kabisa juu ghorofani lazima amsikie. Hapigi ukelele. Akipiga ukelele koo litakwisha usiku mmoja. Anachofanya ni kuitawala pumzi na kuifanya sauti ivume ndani ya kinywa na kichwa, kama vile sanduku la udi linavyoivumisha nyuzi.

Na nyuzi za sauti si kitu kikubwa. Ni mikunjo miwili midogo ya nyama ndani ya koo, inayokutana na kuachana hewa inapopita. Soprano akiipata ile noti yake maarufu ya juu, mikunjo hiyo hukutana zaidi ya mara 1,000 katika sekunde moja. Ndiyo maana sauti ni mtaji wa ajabu: huwezi kuununua mwingine, huwezi kuuweka benki, na kila ukiutumia waupunguza kidogo.

Msichana wa kiwanda cha leso

Montserrat Caballé alizaliwa Barcelona tarehe 12 Aprili 1933. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, Uhispania iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu hadi 1939, na nyumba yao ikaharibiwa kwa mabomu. Familia ilikuwa maskini. Alipokua alifanya kazi katika kiwanda cha leso ili kusaidia nyumbani.

Aliingia chuo cha muziki cha Liceu, na ada ilipokuwa mzigo, familia moja tajiri ya mji ule, akina Bertrand, ilijitolea kumfadhili. Huko alimpata mwalimu kutoka Hungary, Eugenia Kemmeny, aliyemfundisha jambo moja juu ya yote: pumzi. Kabla ya nyimbo, mazoezi ya mwili na ya kupumua, siku nenda siku rudi. Wanafunzi wengine huona mazoezi hayo ni kupoteza muda. Caballé mwenyewe alisema mara nyingi maishani kwamba msingi wa kazi yake yote ulikuwa pale.

Alihitimu mwaka wa 1954 kwa nishani ya dhahabu. Hapo ungedhani mambo yamenyooka. Hayakunyooka. Alikwenda Italia kutafuta kazi, akaimba mbele ya wenye kuchagua, na hakufanikiwa. Husimuliwa kwamba wakala mmoja alimshauri arudi kwao, aolewe na azae watoto, kwa kuwa jukwaa si lake. Kakake mdogo, Carlos, hakukubali. Baadaye huyo Carlos ndiye aliyekuja kuwa wakala wake.

Mwaka wa 1956 alipata kibarua katika jumba la opera la Basel, Uswisi. Akaanza na vinafasi vidogo vidogo, mpaka siku mwenzake mmoja alipougua naye akaitwa kumshikia nafasi ya Mimì katika opera ya La bohème. Watu wakamsikia. Kutoka Basel akahamia Bremen, Ujerumani, mwaka wa 1959. Ilipofika Januari 1962 ndipo akasimama kwa mara ya kwanza kama mwimbaji mkuu kwenye jukwaa la nyumbani, Liceu. Alikuwa na miaka 28. Mwaka wa 1964 akaolewa na mwimbaji mwenzake, Bernabé Martí, wakajaaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Yule wa kike naye akaja kuwa soprano.

Usiku mmoja wa New York

Tarehe 20 Aprili 1965, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, ilipangwa kuimbwa opera ya Donizetti iitwayo Lucrezia Borgia. Mwimbaji aliyetangazwa alikuwa Mmarekani mwenye jina kubwa, Marilyn Horne, lakini alikuwa mjamzito na akajitoa. Waandaaji wakamtafuta mtu wa kuziba pengo. Wakampata Mhispania ambaye wengi wa waliokata tiketi hawakuwa wamesikia jina lake. Naye hakuwa amewahi kuiimba nafasi ile. Alijifunza kwa muda mfupi.

Alipomaliza, watu walisimama na kupiga makofi kwa dakika 25. Nawaomba msomaji aishike saa yake aone dakika 25 ni muda gani. Gazeti moja likaandika kichwa cha habari kama hesabu ya shule: Callas ukijumlisha na Tebaldi, jawabu ni Caballé. Maria Callas na Renata Tebaldi ndio waliokuwa masoprano wawili wakubwa wa zama zile, na mashabiki wao walikuwa wakizozana kama tunavyozozana sisi kuhusu timu za mpira.

Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaimba katika jumba la Metropolitan, New York. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1970, akaingia La Scala ya Milan kwa opera ile ile iliyomtoa.

Watu walimpendea nini? Wengine walikuwa na sauti kubwa kuliko yake, na wengine waliigiza vizuri zaidi. Yeye mara nyingi alisimama tu. Sifa yake ilikuwa ule uwezo wa kuipeleka sauti juu kabisa kisha kuipunguza, ikawa nyembamba kama uzi, na bado ikafika kiti cha mwisho. Kupaza sauti juu ni jambo moja. Kuishika juu kwa upole, bila kutetemeka, na pumzi isikatike, hilo ndilo lililowatoa watu machozi. Hapa mazoezi ya mwalimu Kemmeny yalikuwa yanalipa.

Wengi husema kilele chake kilikuwa Julai 1974, katika jumba la wazi la kale la Warumi mjini Orange, kusini mwa Ufaransa. Aliimba Norma, mojawapo ya nafasi ngumu kuliko zote za soprano, huku upepo mkali wa kule, uitwao mistral, ukipiga jukwaa na kuyapeperusha mavazi. Mtu wa pwani aujuae upepo wa kusi ataelewa kuimba ndani yake ni kazi gani. Usiku ule ulirekodiwa, na hadi leo unaweza kuutazama.

Milan wanamzomea

Sasa tushuke bondeni.

Caballé alikuwa na sifa nyingine ambayo haikumpendeza kila mtu: alivunja miadi. Afya yake haikuwa nzuri, na kila alipoona mwili au koo haliko sawa, alisema leo siimbi. Waandaaji walilalamika na magazeti yakamfanyia mzaha.

Mwaka wa 1982 mzaha uligeuka hasira. La Scala walikuwa wakifungua Anna Bolena, opera ambayo kivuli cha Callas kilikuwa bado juu yake, maana Callas aliitikisa nayo La Scala mwaka wa 1957. Ukumbi ukajaa. Ikatangazwa kwamba Caballé hawezi kuimba, na mwingine atashika nafasi. Watu walipiga kelele, wakazomea, mpaka onyesho likashindwa kuendelea. Na hata alipokuja kuiimba baadaye, wako waliomsubiri ili wamzomee.

Hii ni tofauti moja kati ya opera na taarabu yetu. Sauti ya Bi Kidude ilipokwaruza uzeeni, sisi tulizidi kuipenda, kwa sababu tulikuwa tunasikia umri wake na maisha yake humo ndani. Opera haina huruma hiyo. Mle noti imeandikwa, na wanaoketi juu ghorofani wanaijua. Ukiikosa, hata kama jana ulipigiwa makofi dakika 25, utazomewa.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Wengine wangeishia hapo. Yeye akafunguliwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia, na mfungua mlango alikuwa jirani yetu.

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi, baba akifanya kazi ya keshia katika serikali ya kikoloni. Alipelekwa kusoma India, na baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Mwaka wa 1983 alikwenda Covent Garden, London, kumsikiliza Luciano Pavarotti. Akatoka pale akizungumza habari za yule soprano tu.

Walikutana Barcelona mwezi wa Machi 1987. Mercury alikuwa na hofu, kama mwanafunzi anayekwenda mbele ya mwalimu. Alidhani watafanya wimbo mmoja. Caballé akamuuliza albamu za kina Mercury huwa na nyimbo ngapi, akajibiwa, naye akataka albamu nzima. Wimbo wa "Barcelona" ukatoka mwaka ule ule wa 1987, na albamu mwaka uliofuata.

Wapenzi wa opera wa kale walikunja uso. Soprano wa La Scala anaimba na mtu wa roki? Lakini kwa wimbo huo watu ambao wasingekanyaga ukumbi wa opera maisha yao walimjua. Mercury alikuwa tayari mgonjwa. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, miezi minane kabla ya Olimpiki ya Barcelona. Ndiyo maana mwaka wa 1999, Camp Nou, Caballé aliimba peke yake, na mwenzake akamjibu kutoka kwenye rekodi. Kicheko chetu pale barazani, kumbe tulikuwa tukimcheka mama aliyekuwa akiimba na rafiki yake marehemu.

Moto, kodi na uzee

Tarehe 31 Januari 1994 Liceu iliteketea kwa moto. Jumba alilosomea, alilorudi kama malkia, likabaki kuta. Lilijengwa upya na kufunguliwa 1999, na mwaka wa 2002 Caballé, akikaribia miaka 69, akarudi kuimba humo nafasi ya Malkia Catherine katika opera ya Saint-Saëns, Henry VIII. Sauti haikuwa ile ya 1974. Watu walimshangilia hata hivyo. Nadhani usiku ule Wakatalani waliimba kidogo kwa moyo wetu wa pwani.

Mwaka wa 2012, akiwa na miaka 79 na bado anazunguka na matamasha, alipigwa na kiharusi kidogo nchini Urusi. Kisha ikaja aibu. Mwaka wa 2015 alikiri kwamba hakulipa kodi ya zaidi ya euro 500,000 ya mapato ya mwaka wa 2010, kwa kudai makazi yake yako Andorra ilhali aliishi Barcelona. Alihukumiwa miezi sita, kifungo kikasimamishwa, na akatozwa faini. Sisemi haya kumvunjia heshima marehemu. Nayasema kwa sababu kisa kinachotaja makofi tu si kisa, ni tangazo.

Alifariki Barcelona tarehe 6 Oktoba 2018, akiwa na miaka 85. Tangu Basel hadi uzeeni, sauti ilimlisha kwa zaidi ya nusu karne.

Halati wangu

Sasa nifike nilipoahidi.

Halati wangu, dadake mamangu, alikuwa mwimbaji. Wanaokumbuka harusi za Mombasa za miaka ya themanini huenda walimsikia, ingawa sitamtaja jina kwa kuwa hapendi. Sauti yake ilikuwa ya juu na safi. Wanawake walikuwa wakiinuka kumtunza mpaka noti zikawa zinaanguka chini ya miguu yake. Msimu wa harusi, hasa mwezi wa Shaabani kabla ya Ramadhani, aliimba usiku nne mfululizo, saa tatu hadi alfajiri, katikati ya moshi wa udi na vipaza sauti vibovu vilivyomlazimu kupiga ukelele ili ajisikie.

Msimu mmoja akaanza kukauka sauti. Akamwambia mwenye kikundi kwamba anahitaji kupumzika. Akajibiwa kwamba bibi harusi amemtaka yeye, tena pesa zimeshapokewa. Akapewa tangawizi na asali, akapanda jukwaani. Akafanya hivyo wiki tatu. Alipokwenda hospitali hatimaye, daktari alimwambia nyuzi zake za sauti zimeota vinundu, na kwamba angenyamaza mapema vingepungua vyenyewe. Hakuimba tena. Alikuwa na miaka 34. Kikundi kilipata mwingine kabla ya mwezi kuandama.

Nami sina usafi katika jambo hili. Usiku mmojawapo wa zile wiki tatu ulikuwa wa harusi ya dadangu. Nilikuwa kijana, na ni mimi niliyetumwa chumbani kumwambia, "Halati, watu wanakungoja." Aliniangalia, akajifunga leso, akatoka.

Mwaka jana nilimwonyesha kwenye simu ile rekodi ya Orange. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha nikamsimulia habari ya Milan, jinsi mama huyo alivyokataa kuimba na watu wakamzomea. Akauliza, "Baada ya hapo aliimba tena?" Nikamwambia aliimba miaka thelathini zaidi. Akatikisa kichwa. "Basi wacha wazomee."

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kila mwimbaji anayevunja miadi ana haki. Mtu aliyelipwa ana wajibu. Lakini tunayo mazoea ya kuitumia sauti ya mtu kana kwamba ni bomba la maji, tukifungua itoke. Wenye vikundi wanaweza kuweka waimbaji wawili kwa usiku mmoja wakapokezana. Wenye harusi wanaweza kukodi vipaza sauti vizuri, viwekwe hata kimoja cha kumwelekea mwimbaji mwenyewe ajisikie. Na mwimbaji aliyekauka sauti kwa zaidi ya wiki mbili aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tangawizi pekee haitoshi.

Na akisema leo siimbi, tumwamini. Huenda anatutunzia nyimbo za miaka thelathini ijayo.